Kengele yetu inalia kwa huzuni: ni mbovu? Na Wafaransa waliziingizaje kengele kwenye kinanda?

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa parokia moja huku Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa sita sasa. Tunatumia kinanda cha umeme chenye kibodi moja, hakina pedali za kupigwa kwa miguu. Mnarani tuna kengele tatu zilizoletwa na wamisionari, na kwa sikio langu zinalia so, la, do. Mwaka huu nilisikia kwenye simu muziki wa Vierne, yule mpiga kinanda Mfaransa, wenye mlio wa saa ya London, nikaupenda mno, nikatafuta nota. Nikajaribu kuupiga kwa ile sauti ya kengele iliyomo kwenye kinanda, ukatoka kama kengele ya mlangoni. Rafiki yangu anasema nisijisumbue, eti vinanda vya Ufaransa vina kengele za kweli ndani yake. Tena kuna jambo jingine. Kengele kubwa ikilia, nami nikapiga kodi (nota tatu kwa pamoja) ya meja, ile yenye uchangamfu, ya nota ileile, vinagombana. Kengele inasikika maina, kama ya msiba. Mzee mmoja wa halmashauri anasema imepasuka, iuzwe, tununue spika. Ni kweli? Na je, naweza kutunga muziki wa kutokea Misa kwa kengele zetu tatu, kama Wafaransa walivyofanya?"

Milele na milele, Amina.

Nianze na lile la haraka, maana kengele ikishauzwa chuma chakavu hairudi. Usikubali iuzwe kwa sababu inalia maina. Kengele nzima, isiyo na ufa hata wa unywele, hulia maina. Hivyo ndivyo zilivyo kengele za makanisa ya Ulaya, na zenu zilitoka huko. Sikio lako halina kosa, na mzee wenu amesikia kitu cha kweli akakipa sababu isiyo yake.

Ulimi wa kengele unapogonga ukingo, shaba haitetemeki kwa namna moja. Inatoa sauti nyingi kwa pamoja, na kila moja ina mahali pake kwenye umbo la kengele. Tuseme nota unayoisikia ni ya mitetemo 400 kwa sekunde. Chini yake kuna mvumo mzito wa 200, ule unaobaki hewani wakati watu wameshaacha kusikiliza. Kisha kuna 400 yenyewe, halafu 480, halafu 600, halafu 800, na nyingine juu zaidi. Angalia hiyo 480. Kutoka 400 hadi 480 ndiyo hatua ya maina, mi iliyoshushwa nusu. Sasa wewe unaweka kidole kwenye meja, na kinanda chako kinatoa karibu 504. Hizo mbili, 480 na 504, zinagombania kiti kimoja, na ndipo unaposikia ule mkwaruzo. Mwenye makosa hapo ni kodi.

Kuna na kioja kingine, nikutajie kwa sababu najua utakwenda kupima kwa programu ya simu. Nota tunayoiita "nota ya kengele" kwa sehemu kubwa hutengenezwa na sikio lenyewe kutokana na zile sauti za juu, ambazo zimepangana kama ngazi za nota moja. Kwa hiyo simu inaweza kukuonyesha nota ya mvumo, au ya oktava ya juu, au ikarukaruka isijue ikae wapi. Usiiamini peke yake. Imba nota unayoisikia, kisha pima sauti yako.

Mpangilio huu haukutokea wenyewe. Katika karne ya 17 huko Uholanzi, Jacob van Eyck, mpiga kengele wa Utrecht aliyekuwa kipofu, aliweza kuzitambua sauti hizi moja moja ndani ya kengele. Akashirikiana na ndugu wawili wa ukoo wa Hemony, mafundi wenye asili ya upande wa Lorraine, na mwaka 1644 wakaweka katika mji wa Zutphen seti ya kengele zilizochongwa kwa ndani mpaka sauti zake zikakubaliana. Ile ya maina waliiacha palepale, maana umbo la kengele ndilo linaloileta. Kengele yenye meja ndani yake ilipatikana Uholanzi mwaka 1985 tu, kwa kuchora umbo jipya kwa kompyuta. Nimewahi kusikia rekodi zake. Ni nzuri, lakini zinanipa hisia ya mtu anayecheka muda wote.

Ufa wa kweli unajulikana vingine. Sauti inakuwa fupi, inakauka haraka, ina mtetemo wa kukwaruza kama sufuria lenye bati lililolegea. Kama kengele kubwa bado inavuma muda mrefu baada ya kugongwa, moyo wangu umetulia. Na hata ufa si hukumu ya kifo. Big Ben, kengele kubwa ya tani 13 na ushei ya saa hiyohiyo ya London unayoipenda, ilipasuka mwaka 1859, miezi michache baada ya kuanza kazi. Ilinyamaza miaka kama minne. Kisha wakaigeuza kidogo ili igongwe upande mwingine, wakaweka nyundo nyepesi zaidi, na inalia hadi leo na ufa wake.

Sasa rafiki yako. Hajadanganya kabisa. Vipo vinanda vyenye kengele ndogo za kweli, hasa vya Kijerumani, ambavyo huwa na nyota inayozunguka huku ikigonga vikengele. Vipo pia vinanda vya Kifaransa vya karne ya 19 vyenye sauti iliyoandikwa "Carillon", neno ambalo kwao ni seti ya kengele au wimbo unaolizwa nazo. Lakini ukifungua ndani utakuta mabomba, madogo na makali, yanayopiga nota za juu pamoja na ile uliyobonyeza. Na muziki wa Vierne uliousikia hauhitaji kengele hata moja. Kila kitu pale ni upepo na mabomba.

Hapa ndipo penye siri, na ndipo ulipokosea ulipobonyeza sauti ya kengele. Kengele na kinanda cha mabomba ni vitu viwili vinavyopingana. Kengele huanza kwa kishindo kisha inafifia yenyewe, huwezi kuizuia wala kuirefusha. Bomba la kinanda hutoa sauti ileile tangu kidole kinaposhuka hadi kinapoinuka, halichoki. Mtunzi akijaribu kuiga mlio wa kengele kwa bomba, ameshindwa kabla hajaanza. Wafaransa waliliona hilo mapema, wakaacha mlio wakachukua tabia. Kengele haina nota nyingi, na hizo chache inazirudia bila aibu. Haimsubiri mtu, haihami kutoka ngazi moja ya nota kwenda nyingine, na mlio mmoja haujaisha mwingine umekwisha kuingia juu yake. Ukimpa mpiga kinanda vinota vinne vya namna hiyo visivyotaka kubadilika, kazi yake inakuwa kubadilisha kila kitu kinachovizunguka.

Mazoea haya ni ya zamani. Kuna kipande cha karne ya 17 kinachohusishwa na Louis Couperin, mpiga kinanda wa Saint-Gervais, Paris, kinachoiga kengele za mji huo. Kilikusudiwa kupigwa kati ya masifu ya jioni ya Watakatifu Wote na yale ya Marehemu, saa ambayo kengele za mji mzima zinalia. Nicolas Lebègue naye alichapisha kipande kiitwacho "Les Cloches", yaani kengele, mwaka 1685. Humo nota zinashuka na kurudi, zinashuka na kurudi, basi. Kwa sikio la leo ni kidogo, lakini wazo lote limo.

Kisha yakaja Mapinduzi ya 1789, na kengele za Ufaransa zikayeyushwa kwa maelfu ili kutengeneza mizinga na sarafu. Pale kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, ilibaki moja kubwa, Emmanuel, ya tani kama 13, inayolia F shapu. Sauti za kengele zilirudi taratibu katika karne iliyofuata, na nne mpya ziliwekwa kwenye mnara wa kaskazini mwaka 1856. Miaka 12 baadaye, 1868, fundi Aristide Cavaillé-Coll akakabidhi kinanda kipya cha kanisa hilohilo, chenye kibodi tano na aina 86 za sauti. Kilikuwa na tarumbeta za kutisha, mabomba ya besi yanayotikisa sakafu, na sanduku lenye milango inayofunguka na kufungwa kwa mguu, hivyo sauti ikaweza kuanza mbali ikasogea karibu. Kinanda hicho kiliweza kufanya kile ambacho upepo huifanyia kengele.

Fikiria mahali alipokaa mpiga kinanda wa pale. Kinanda kipo juu ya mlango mkuu, chini ya dirisha la waridi, katikati ya minara miwili. Kulia kwake kengele, kushoto kwake kengele. Louis Vierne alikaa kwenye kiti hicho tangu 1900 hadi Juni 2, 1937, alipofia hapohapo kwenye kinanda katikati ya onyesho, mwanafunzi wake Maurice Duruflé akiwa pembeni yake. Alizaliwa karibu kipofu. Mtu asiyeona vizuri, aliyekaa miaka 37 katikati ya minara ya kengele: mimi sishangai kwamba aliandika kengele tena na tena.

Hicho ulichokisikia ni "Carillon de Westminster", alichokipiga Notre-Dame kwa mara ya kwanza Novemba 29, 1927. Wimbo wenyewe ni wa Waingereza. Ulianza kwenye kanisa moja la Cambridge mwaka 1793 kabla ya kuhamia saa ya bunge London mwaka 1859, na wewe unaujua tangu utotoni kwenye saa za ukutani: mi, re, do, so ya chini; do, mi, re, so ya chini. Nota nne tu. Vierne alikitabaruku kipande hicho kwa Henry Willis, fundi wa vinanda wa London, na husimuliwa kwamba alimwomba Willis amwimbie wimbo huo kwa mdomo. Kweli, mahali fulani melodi ya Vierne haifanani na ya saa. Wapo wanaosema Willis aliimba vibaya, wapo wanaosema Vierne alisikia vibaya. Mimi huwaambia wanafunzi wasisahihishe, wapige alivyoandika.

Sikiliza tena ukiwa na nota mbele yako. Melodi inatembea polepole, na juu yake vidole vinazungusha nota ndogo za haraka, mfululizo, bila kupumua. Hizo nota za haraka si mapambo. Ni ule mng'aro wa shaba, zile 480 na 600 na 800 nilizokutajia, zimeandikwa kama muziki. Kipande kinaanza kwa sauti ya chini, mnara ukiwa mbali ng'ambo ya mto. Kinamalizika kinanda chote kikiwa wazi, nawe umesimama chini ya ulimi wenyewe. Ndiyo maana sauti ya kengele ya kinanda chako iliua muziki: kila nota ilianza kufifia mara tu ilipopigwa, na ule uzi mrefu ukakatika. Chagua sauti ya kinanda cha kanisa, iliyojaa, uongeze na ile kali ya juu kama unayo. Kama kuna kitufe cha mwangwi, kiongeze, lakini kwa kiasi, maana kanisa lenu nalo lina mwangwi wake.

Hata hivyo, nikuambie ukweli: Westminster si kipande chako kwa sasa. Kinadai pedali, na ukikipunguza kwa kibodi moja utabaki na mifupa. Kipo kingine cha Vierne huyohuyo ambacho ni kama kiliandikwa kwa ajili yako. Kinaitwa "Carillon", kinatokana na kengele za kikanisa cha kasri la Longpont, kaskazini mwa Ufaransa, na kimo katika mkusanyo wa vipande 24 alioutunga mwaka 1913 kwa kinanda cha mabomba au kile cha kupuliza kwa miguu. Vipande hivyo vimeandikwa kwa mistari miwili na pedali si lazima. Anza na hicho. Ni kifupi, kina kishindo, na waumini hawatakimbilia mlangoni. Ukikiweza, miaka ijayo na pedali zikipatikana, kuna "Carillon-Sortie" cha Henri Mulet, kigumu na chenye furaha ya ajabu. Na kuna fyuga, yaani muziki ambao sauti huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule, ya Duruflé ya mwaka 1962 juu ya wimbo wa kengele za saa za kanisa kuu la Soissons. Hicho cha Duruflé mimi nakipenda kuliko vyote. Alichukua wimbo mdogo wa saa, ambao watu wa Soissons walikuwa wameshazoea hata hawausikii, akaukimbiza kutoka sauti hadi sauti mpaka mwishoni unajifukuza wenyewe. Ni dakika tatu au nne tu, lakini zina kazi ya mwaka mzima.

Kuhusu utunzi wako, nimefurahi kuliko unavyodhani. So, la, do ni mpangilio unaojulikana. Mafundi wa kengele wa nchi za Kijerumani huuita wa Gloria, kwa sababu unapanda kama mwanzo wa Gloria moja ya kale. Aliyezichagua kengele zenu alijua anachokifanya.

Usianze kwa kutunga melodi. Melodi unayo, ipo mnarani. Mpe mkono wa kulia so, la, do, so, la, do, zikizunguka bila kukoma kwa mwendo mmoja, na ujiapize kwamba hutazigusa. Kisha tembeza besi chini yake kwa mkono wa kushoto, polepole, nota moja kwa kila mizunguko miwili: do, halafu la, halafu fa, halafu re. Kengele hazijabadilika, lakini kila besi inapohama zinapata uso mpya. Juu ya do zimetulia nyumbani. Juu ya la zimeingiwa na kivuli, juu ya fa zimefunguka, na juu ya re zinaning'inia kama swali. Sikiliza kipi kinakushika hapo, ukae napo. Ukifika mbali kiasi hicho, jaribu besi ya ti iliyoshushwa nusu. Ni rangi ya Kifaransa hasa, lakini ukiitumia mara tatu itachosha. Mwishoni badilisha mikono: peleka kengele kwenye besi, kwa nota ndefu, nzito, na mkono wa kulia uwe ndio unaozungusha nota za haraka.

Kama unataka kengele za kweli zilie pamoja na kinanda siku ya sikukuu, rudi kwenye ile 480. Wakati kengele inagongwa, usipige kodi kamili ya nota yake. Piga tupu, bila ile nota ya kati: so na re peke yake kwa kengele ya so. Ziachie kengele ziseme maina yake zenyewe. Pima pia kama kinanda kinakubaliana nazo, maana kengele za zamani mara nyingi hazikai sawasawa na vinanda vya leo. Tofauti ikiwa ndogo, rekebisha kinanda kwa ile sehemu ya kupandisha na kushusha sauti kidogo kidogo. Ikiwa kubwa, subiri mvumo ufe ndipo uanze. Kusubiri nako ni muziki.

Yapo ambayo siwezi kuyafanya kwa maandishi. Pedali zinafundishwa na mtu aliyekaa pembeni yako, anayeona kisigino chako. Tafuta mwalimu kabla hujajifundisha mazoea mabaya, hata kama ni wiki moja tu ya likizo katika seminari au kanisa kuu lenye kinanda cha pedali. Hizi nota za haraka za kuzunguka zinakula viganja. Ukisikia maumivu, acha siku hiyo. Yakirudi siku baada ya siku, au vidole vikifa ganzi, nenda hospitali uwaambie kwamba unapiga kinanda na kwa saa ngapi, usiseme tu "mkono unauma". Na kengele aitazame fundi anayejua kengele, akague boliti, boriti inayoishika, na pale ulimi unapogonga kama pameliwa. Asiruhusiwe mtu kuichomelea wala kuipiga tupa ukingoni. Wala usipande mnarani wakati inalia ili uisikilize vizuri. Masikio yako ndiyo chombo chako cha kazi.

Jumapili ijayo, kabla hujagusa kinanda, simama uwanjani wanapopiga kengele ya kwanza. Mwombe mpigaji agonge ile kubwa mara moja tu, kisha aache. Hesabu sekunde hadi mvumo utakapopotea, uandike, unitumie pamoja na rekodi ya zote tatu. Nikishajua kengele kubwa inachukua muda gani kunyamaza, nitakuambia muziki wako uende kwa mwendo gani.